DEREVA HAKUIUA INJINI

Ndugu wafanya kazi,

Nimeomba nafasi katika gazeti letu niseme neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mimi mwenyewe nililikataa siku nyingi kabla ya kukubali kuliandika. Lahusu matatu yetu ya Kikoneni, ile tuliyoinunua sisi watu kumi na wawili wa reli kwa mkopo wa akiba zetu, ikafa injini kabla ya kutimiza miezi mitatu barabarani. Wengi mmesikia habari hii kantini na kwenye feri ya Likoni, na inavyosimuliwa ni kwamba dereva ndiye aliyeiua. Mimi nasema hakuiua. Tena nasema kwamba sisi tuliomhukumu, hali sisi ni wanachama wa chama cha wafanya kazi, tumemtenda mtu jambo ambalo tungegoma kama mkubwa wetu wa kazi angelitutenda sisi.

Kwanza nieleze habari yenyewe kwa wale wasioijua.

Kikoneni iko bara kidogo, mbali na barabara kuu ya kutoka Likoni kwenda Lunga Lunga. Mtu akizidiwa na ugonjwa hupelekwa hospitali ya Msambweni. Mwenye maembe au mahindi ya kuuza huyapeleka Ukunda au Mombasa. Magari ni machache, na pikipiki haimfai mgonjwa wala mama mja mzito. Kwa hiyo sisi wenyeji wa pande zile tunaofanya kazi ya reli tulikata shauri tuwe na gari letu wenyewe. Shauri lilikuwa jema, na hata leo nasema lilikuwa jema. Kila mmoja akakopa katika chama chetu cha akiba, akakubali kukatwa mshahara kwa muda wa miaka mitatu.

Tukaenda kwenye yadi moja ya magari. Jina lake silitaji, maana haja yangu leo si kumtangaza mtu mmoja. Tukaonyeshwa matatu ya viti kumi na vinne, ya dizeli, iliyoundwa 2010 na kuingia nchini 2017. Rangi yang'aa, viti vimeshonwa upya, na saa ya maili yaonyesha kilomita 94,000. Muuzaji akatuambia, "Wazee wangu, hili bado bichi kabisa. Huko Japani lilikuwa likibeba maua tu." Tukacheka tukafurahi. Tukalizunguka, tukayapiga teke magurudumu, tukafungua redio. Injini tulipoikuta ilikuwa imekwisha kuwashwa inanguruma, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini imewashwa kabla hatujafika. Hakuna aliyefungua kifuniko cha oili. Na kati yetu walikuwamo mafundi wawili wa karakana! Tukatia sahihi karatasi iliyoandikwa kwamba gari limenunuliwa "kama lilivyo", tukarudi Kikoneni tukipiga honi.

Katika wiki ya kumi na moja, gari likipanda mlima na abiria wake, injini ikalia mara moja kama sufuria iliyoangushwa, ikanyamaza. Abiria wakashuka wakatembea kwa miguu. Usiku ule ule kamati ikazungumza kwa simu, na kabla ya mapambazuko hukumu ilikuwa tayari: dereva alilipiga mbio, dereva hakutia maji, dereva ni kijana hajui kazi. Tukaushika mshahara wake wa mwezi ule. Tukamwambia asirudi kushika usukani mpaka alipe nusu ya bei ya injini nyingine. Hakuitwa kujieleza. Na mimi nilikuwa katika simu ile, nikasema "naam" pamoja na wengine.

Siku ya nne tukalivuta gari hadi kwa makanika mmoja mzee pale pale Kikoneni, afanyaye kazi chini ya mwembe. Alipokwisha kusikiliza maneno yetu akatuambia, "Wanangu, mtu mmeshamfunga, na maiti bado haijapimwa." Akaifungua injini mbele yetu. Mkanda wa taimingi ulikuwa umekatika, na mpira wake umekauka na kupasuka pasuka kama kandambili ya zamani. Huo si mkanda uliokatwa na mwendo wa mbio wa siku moja. Ni mkanda uliozeeka. Ulipokatika, valvu zilibaki wazi na pistoni zikapanda zikazigonga. Valvu zikapinda, na pistoni mbili zikatoboka vichwa.

Kisha mzee akachukua kitambaa chenye dizeli akasugua nguzo ya mlango wa dereva, palipokuwa na uchafu na rangi mpya. Ikatokea karatasi ndogo ya gundi, yenye maandishi ya Kijapani na tarakimu. Huko Japani gereji ikimaliza kubadilisha oili hubandika karatasi ya namna ile ili mwenye gari ajue alibadilisha lini na kwa kilomita ngapi. Mzee akasema, "Kijapani mimi sikijui. Lakini tarakimu hizi ni zile nilizofundishwa skuli." Zilisomeka 187,200.

Ndugu zangu, fahamuni maana yake. Gari lile lilikuwa limekwisha kupita kilomita 187,000 kabla halijapakiwa melini. Likavuka bahari, likatembea miaka kadha katika nchi hii, na mwisho wake likauzwa kwetu lina kilomita 94,000. Binadamu hajajaliwa kusafiri akarudi ujanani, lakini gari limejaliwa, kwa mkono wa mtu.

Wengine husema, "Kurudisha saa ya maili ni hila ya bei tu. Umepunjwa fedha kidogo, basi." Sivyo. Saa ile ndiyo kalenda ya injini. Oili hubadilishwa kwa kuihesabu, na chujio kadhalika. Mkanda wa taimingi wa injini nyingi za dizeli za magari haya waundaji wameagiza ubadilishwe kila kilomita 100,000, na mwingine kila 150,000. Tena katika magari mengi ya namna hii ipo taa ya kumwonya dereva kwamba mkanda umefikia mwisho wake, na taa ile huwaka kwa kuifuata saa ya maili. Basi mtu akiirudisha saa nyuma, hakukuibia fedha tu. Ameizima taa ya kuonya. Dereva wetu alikuwa akitazama 94,000, kisha 100,000 haijafika, akaona mambo ni salama. Alidanganywa kila siku asubuhi na chombo ambacho alipaswa kukiamini. Nani basi aliyeiua injini? Ni yule aliyeirudisha saa, na pamoja naye ni sisi tulionunua pasipo kuchungua. Dereva alikuwa amepewa maiti aiendeshe.

Sasa nizungumze kama mtu wa reli.

Wazee waliotutangulia walifanya kazi na yale magari makubwa ya moshi ya Garratt ya daraja la 59, yaliyoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Yalikuwa 34, yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kila moja lilikuwa na uzito wa tani 252. Yalivuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi hata karibu na mwaka 1980. Moja wapo, Mount Gelai, linasimama hata leo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Je, yaliishi robo karne kwa bahati, kwa hirizi? La. Yaliishi kwa sababu kila injini ya reli ina daftari. Siku ya kuoshwa boila yaandikwa. Beringi ikipata joto yaandikwa. Dereva akileta malalamiko yaandikwa, na fundi aliyetengeneza atia jina lake. Mtu mpya akija kuichukua injini ile haulizi habari zake kwa mwenye kuiuza. Asoma.

Lakini barabarani mambo ni kinyume. Hapa Kenya karatasi ya gari twaiita logibuku, na kila mtu ayaamini maneno yake. Nami nawauliza, logibuku ile yaeleza nini? Yaeleza jina la mwenye gari, namba ya injini, mwaka wa kuundwa, rangi. Haielezi oili ilibadilishwa lini wala mkanda una umri gani. Haisemi kama injini ilipata kuchemka hata ikafunguliwa. Ni hati ya kumiliki, nasi twaidhania kuwa ni historia ya gari.

Na sheria ya forodha je? Ni kweli kwamba kwa kawida ya viwango ya KS 1515 gari la mtumba haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limepita miaka minane tangu kuandikishwa kwake mara ya kwanza, na lazima likaguliwe kabla ya kupakiwa. Hiyo ni kanuni nzuri. Lakini miaka si kilomita. Gari la miaka saba laweza kuwa limekwenda kilomita 40,000 au 300,000. Na ukaguzi ule watazama breki, taa, usukani, magurudumu na moshi. Hakuna afunguaye injini kutazama mkanda. Tena baada ya gari kuingia nchini, likauzwa mara ya pili na ya tatu kama letu, saa ya maili yaweza kurudishwa hapa hapa Mombasa, pasipo afisa yeyote kujua.

Yapo majibu matatu niliyoyasikia toka wenzangu, nami nitayajibu moja moja.

La kwanza: "Gari lina mkosi. Watu walituonea kijicho tulipokuwa tukipiga honi." Ndugu yangu, kijicho hakikaushi mpira. Nimeuona mkanda kwa macho yangu. Mkisema mkosi, mwenye kufurahi ni muuzaji, maana mkosi hauwezi kushitakiwa.

La pili: "Mtumba ni mtumba, rahisi hughali." Methali hiyo naijua, lakini inatumiwa vibaya. Sisi hatukununua kwa bei ya gari lililochoka. Tulilipa bei ya gari la kilomita 94,000. Mtu aliyelipa bei kamili ya kitu alichoelezwa hakuwa bahili. Ameuziwa kwa mizani ya uongo. Mwalimu wetu wa misheni alitufundisha habari za mchuuzi mwenye mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja la kununulia na moja la kuuzia. Saa ya maili iliyorudishwa ndiyo jiwe lile la pili.

La tatu: "Tulitia sahihi 'kama lilivyo', basi hatuna haki." Hapa wengi wamefumbwa macho. Maneno "kama lilivyo" hayampi mtu ruhusa ya kusema uongo juu ya hilo lilivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata kitu cha ubora wa kadiri, na habari anazozihitaji, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yasema kwamba afanyaye biashara ya bidhaa fulani na kuiuza kwa maelezo yake, bidhaa ile ipaswa kuwa ya hali ya kuuzika. Kweli sheria ile yasema pia kwamba mnunuzi akiikagua bidhaa mwenyewe hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipasa kuionyesha. Lakini kuligonga gurudumu teke kwawezaje kuonyesha kwamba saa imerudishwa kwa mashine? Na ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, isikilizayo madai hata Shs. 1,000,000/-. Mtu aweza kwenda pasipo wakili, na sheria yataka hukumu itolewe katika siku 60. Bei ya injini na kazi ya kuitia haikufika kiasi hicho. Kwa nini basi tulikwenda kumdai kijana asiye na kitu, tukamwacha mwenye yadi anakunywa kahawa yake?

Jibu nalijua, na ni la aibu. Tulimdai kijana kwa sababu yu karibu, na hana mtu wa kumsemea. Muuzaji ana ofisi na kiyoyozi, na sisi twamwogopa. Lawama ni kama maji, hushuka daima kwenda bondeni. Na kazi ya chama cha wafanya kazi tangu zamani ni kujenga ukuta bondeni.

Kumbukeni Januari 1947, wafanya kazi wa Mombasa, wa reli na wa bandari na wa majumbani, walipoweka chini kazi wote pamoja. Hawakufanya vile ili wajukuu zao wakipata gari moja wageuke kuwa mabwana wadogo. Sisi tulikuwa matajiri kwa wiki kumi na moja tu, na katika wiki hizo tulijifunza upesi mno tabia za tajiri.

Hata sheria ya nchi yatushinda kwa uungwana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika pale tu mtumishi alipoiharibu kwa kusudi, tena kwa kiasi cha haki. Mkanda uliokauka ni kusudi la nani? Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa ni lazima aelezwe kosa lake kwa lugha aielewayo, naye awe na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama karibu naye, asikilizwe. Vifungu hivi twavijua kwa moyo tunapokwenda mbele ya wakubwa wetu. Tulivisahau tulipokuwa sisi ndio wakubwa.

Sasa liko jambo la haraka, ndilo lililonifanya niandike mwezi huu. Wenzetu kadha wanataka tukope tena katika chama cha akiba tununue injini nyingine, "injini safi ya Japani", kutoka mtaa ule ule wa maduka, na kwa maneno yale yale. Injini ile nayo haina daftari. Imetolewa katika gari tusilolijua, haijulikani ilikwenda kilomita ngapi, na saa yake imebaki huko ilikotoka. Tukifanya hivyo tutanunua uongo mara mbili kwa mshahara mmoja. Mimi sisemi tusinunue. Mtu wa mshahara wetu hana njia ya kununua gari jipya, na Kikoneni wanahitaji gari. Nasema tununue kama watu wa reli.

Kununua kama watu wa reli ni hivi.

Nenda asubuhi, na muuzaji asijue saa utakayofika. Weka mkono juu ya injini. Kama ina joto, rudi siku nyingine, maana injini iliyochoka huficha ugonjwa wake ikisha pata moto. Iwashe ikiwa baridi, utazame moshi. Wa buluu ni oili inayoungua, yaani ringi au sili za valvu zimekwisha. Mweupe usiokoma na wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yaingiayo ndani. Mweusi mwingi ni dizeli isiyoungua vema.

Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando kama maziwa ya chai, maji na oili yamekutana, na gasketi ya silinda hedi imeungua. Pakitoka pumzi nyingi kwa nguvu pale, moto wapita kando ya ringi. Chovya kijiti cha oili, uisugue kwa vidole. Oili nzito kama asali hutiwa ili kuinyamazisha injini inayonoki mpaka mnunuzi afike nyumbani.

Tazama rejeta. Maji mekundu ya kutu ni dalili kwamba kwa miaka mingi limetiwa maji ya kisima, si dawa yake. Uliza kama themostati imo. Hapa Pwani mafundi wengi huitoa wakisema nchi ni ya joto. Lakini injini iliyoundwa iwe na themostati haipati kamwe joto lake sawasawa bila hiyo, nayo hulika mapema. Tena mara nyingi aliyeitoa aliitoa kwa sababu injini ilikuwa ikichemka, akaondoa kipimo akaacha ugonjwa.

Kama ni injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1KD, makanika wa kweli ataomba kutazama nozeli na chujio lililo ndani ya sampu. Pete ndogo za shaba chini ya nozeli zikichoka, moshi wa moto hupenya ukachanganyika na oili, ikawa lami nyeusi. Lami ile huziba chujio, oili haipandi, na beringi hufa. Hapo mwenye gari husema, "Mbona oili ilikuwa imejaa?" Ilikuwa imejaa sampu, lakini haikupanda kwenye beringi.

Mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda, na fundi huyo uwe umemlipa wewe, asiwe rafiki wa muuzaji. Kisha omba karatasi. Gari la mnada wa Japani lina karatasi ya mnada yenye kilomita zake, na hati ya kulisafirisha nje mara nyingi ina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho huko. Zilinganishe na saa. Mwenye kweli hatakunyima karatasi. Na ahadi yoyote ya mdomo, "bado bichi", "halijafunguliwa", mwambie aiandike kwenye risiti na kilomita zake, atie sahihi. Akikataa kuandika anachokisema, umekwisha jibiwa.

Na hata ukilipata gari zuri, siku ya kwanza kabla halijabeba abiria, badilisha mkanda wa taimingi na roli zake, oili, chujio zote na maji ya rejeta. Hesabu kilomita zako upya tangu siku ile katika daftari. Kwa gari letu, mkanda na roli zake usingalifika sehemu ya kumi ya bei ya injini. Huo ndio ujinga tuliolipia.

Basi, ndugu zangu, katika mkutano wa tawi ujao nitaleta mambo manne, na nawaomba mnyanyue mikono.

Moja. Yule kijana alipwe mshahara wake wote tulioushika, na deni tulilomwandikia lifutwe. Aitwe mbele ya kamati, siyo ahukumiwe, bali tumwombe radhi. Akikubali kurudi, usukani ni wake.

Pili. Injini iliyokufa isitupwe wala kuuzwa kwa chuma chakavu. Mkanda, pistoni, na ile karatasi ya Kijapani vihifadhiwe, vipigwe picha, na makanika aandike taarifa yake. Hivyo ndivyo vitakavyosema mahakamani. Chama kitusaidie kupeleka dai kwa muuzaji, sisi sote kumi na wawili tukiwa kitu kimoja, asimwite mmoja mmoja kando akamnyamazisha kwa bei ndogo.

Tatu. Chama chetu cha akiba kisitoe tena mkopo wa gari au injini ya mtumba bila taarifa iliyoandikwa na fundi asiye wa muuzaji. Chataka wadhamini wawili kabla ya kumkopesha mtu. Na injini nayo iletewe mdhamini.

Nne. Kila gari linalomilikiwa na wanachama liwe na daftari kama injini ya reli, na dereva aandike humo malalamiko yake kwa mkono wake. Na asikatwe dereva hata senti moja kwa ajili ya injini mpaka injini imefunguliwa mbele yake na mbele ya mtu aliyemchagua mwenyewe.

Nimesikia kwamba wengine watasema jambo la nne litawapa madereva kichwa kikubwa. Maneno hayo hayo wazee wetu waliambiwa walipodai wasikilizwe kabla ya kutozwa faini. Kama tunayaamini leo kwa sababu tuna gari moja bovu, basi tufunge ofisi ya chama, twende tukauze viti.

Juzi nilipanda kwenda Kikoneni nikampita yule kijana akibeba mchanga kwa mkokoteni. Aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo, kaka," nami nikaitikia marahaba nikapita upesi. Sitaki kupita upesi tena.

Umoja wetu uwe pamoja na wasio na wa kuwasemea.

Ni mimi ndugu yenu,
Mtu wa Karakana, Mombasa, mwenyeji wa Kikoneni